Keekee: Kutoka Uta hadi Mota

Miongoni mwa zana za fundi, ni chache zilizobadilika umbo kama keekee. Makala haya yanaeleza kwa ufupi historia yake, kwa mfano wa keekee ndogo ya umeme ambayo fundi wa redio mjini Songea aweza kujiundia, kisha yanauliza historia hiyo yamfundisha nini mtunga istilahi.

Kamusi ya A. C. Madan ya mwaka 1903 imehifadhi majina ya chombo cha kale. Chombo kizima kiliitwa keke. Chuma chake kekee. Mti uliotiwa chuma hicho msukano. Kishikio ambamo msukano huzunguka jivu. Na kilichouzungusha uta. Fundi alikandamiza jivu kwa mkono mmoja, akavuta uta kwa mkono wa pili. Kazi hiyo ni kupekecha, kitenzi kile kile cha kutoa moto katika vijiti.

Umeme ulileta chombo kipya. Mwaka 1889 Arthur James Arnot wa Melbourne alipata hataza ya keekee ya umeme. Mwaka 1895 ndugu wawili wa Fein, mjini Stuttgart, waliunda ya kushikwa mkononi. Mwaka 1917 Black na Decker wa Marekani walipata hataza ya ile yenye mpini na kifyatuo kama vya bastola.

Songea iliunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2018, kwa njia ya umeme kutoka Makambako. Kabla ya hapo mji ulitegemea majenereta ya dizeli. Katika hali kama hiyo chombo cha betri kina faida yake. Fundi huchukua mota ndogo ya redio ya kaseti iliyokwisha kazi, akaiweka ndani ya kipande cha bomba la plastiki kiwe mpini, akafunga kibanio kwenye mhimili wake, kisha akaunga waya, swichi na betri. Chombo hicho hutoboa matundu ya milimita moja katika vibao vya saketi. Uta ulizungusha msukano mbele na nyuma. Mota huzungusha upande mmoja mfululizo, na ndiyo maana chuma chake hunolewa kikate upande huo tu.

Je, sehemu hizi tuziiteje? Karakanani neno “drili” hutajwa kwa chombo na pia kwa chuma chake. Karani wa bohari akiletewa hati ya kuagiza “drili kumi”, aweza kununua mashine kumi mahali palipotakiwa vyuma kumi, na fedha ya umma ikapotea. Wazee waliepuka kosa hilo kwa keke na kekee. Hata hivyo, maneno hayo mawili hayatengani vyema masikioni, na tahajia ya leo, keekee, imeyafifiza zaidi.

Kwa maoni yetu, keekee libaki jina la chombo, na biti, neno la mafundi wenyewe, liwe la chuma. Mota limekwisha kuwa letu. Jivu tuliache, kwani litadhaniwa la mekoni, mpini latosha. Lakini msukano lafaa lirudishwe kwa mhimili unaozunguka, maana kazi yake haijabadilika. Uta umeondoka na jina lake, nao hauna haja ya kufufuliwa. Mtunga istilahi na aanze kwa kukitazama chombo kikifanya kazi, ndipo afungue kamusi.