"Babu, hapa hakuna kitu"

Juma lililopita nilikuwa Nyamiaga, kando ya mji wa Ngara, kumjulia hali shemeji yangu aliyelazwa. Watu wanaofika Nyamiaga kwa matembezi ni wachache. Vyumba vya gesti hujazwa na waliosindikiza wagonjwa, hasa wale wanaotibiwa Murgwanza, kwenye hospitali ya Kanisa Anglikana. Asubuhi wanapeleka uji, jioni wanapeleka ndizi, na katikati ya saa za kuona wagonjwa wanakaa barazani wakihesabu magari.

Basi mzee mmoja kutoka Biharamulo, aliyekuwa akimwuguza mkewe, alimwuliza kijana wa mapokezi: "Mjukuu wangu, hapa kwenu kuna nini cha kuangalia?" Kijana akajibu bila kuinua macho: "Babu, hapa hakuna kitu. Labda uende Mwanza."

Nilicheka, kisha nikaona haya, maana kijana yule ni mwenyeji na amesoma shule za hapa hapa.

Hakuna kitu! Kutoka gesti ile unaweza kwenda Rusumo na kurudi bila kumaliza nusu siku. Jina lenyewe lina kichekesho chake. Katika lugha za huku, Kirundi na Kinyarwanda, urusumo ni maporomoko ya maji, kwa hiyo tunaposema "maporomoko ya Rusumo" tunasema maporomoko ya maporomoko. Juu kidogo ya hapo mto Ruvubu unaotoka Burundi unakutana na Kagera unaotoka Rwanda, kisha maji yote yanabanwa katika mwamba mwembamba na kuporomoka kwa kishindo. Mwaka 1898 Mjerumani Richard Kandt alisimama kwenye makutano hayo akitafuta chanzo cha mto Nile. Ilimbidi aamue ni mto upi kati ya hiyo miwili ndio mkubwa, akaamua kuufuata ule wa Rwanda. Mwaka 1937 Mjerumani mwingine, Burkhart Waldecker, akaufuata Ruvubu mpaka kwenye chemchemi yake ya kusini kabisa, kule Rutovu, Burundi. Wenye mto, bila shaka, walikuwa wakiteka maji siku zote hizo.

Kabla ya Kandt alipita Count von Götzen. Huyo alitoka Pangani na msafara wake, akavuka Kagera hapo Rusumo mwaka 1894 na kuingia Rwanda, kwenye utawala wa Mwami Rwabugiri. Baadaye akawa gavana wa koloni letu wakati wa vita vya Maji Maji. Wakazi wa Kigoma wanamfahamu bila kujua, kwa sababu meli ya Liemba ilipoundwa ilipewa jina lake.

Wajerumani hao walijenga boma Biharamulo, na bado limesimama. Mwaka 1916 Wabelgiji walivuka kutoka magharibi na kuliteka. Vita vilipokwisha, wakubwa wa Ulaya waligawana nchi kwa kalamu. Bugufi, yaani Ngara hii ya Wahangaza, ilikuwa ikihesabiwa sehemu ya ufalme wa Burundi. Ikabaki upande wa Waingereza, ndani ya Tanganyika. Gisaka ya Rwanda nayo ilichukuliwa na Waingereza, lakini ikarudishwa baada ya muda mfupi. Bugufi haikurudi. Ndiyo maana Mhangaza na Mrundi wakikutana sokoni hawahitaji mkalimani, ila kila mmoja ana rais wake. Hili halitakiwi kuwa siri ya wazee.

Halafu kuna mwaka 1994, na hapa naomba niseme polepole. Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na Warundi wakamiminika Ngara. Aprili iliyofuata yakaanza mauaji ya kimbari Rwanda. Maiti zilipita chini ya daraja la Rusumo, zikaporomoka na maji mpaka Ziwa Victoria. Tarehe 28 Aprili watu wapatao 250,000 walianza kuvuka daraja hilo, na wengi wao walikuwa upande wetu katika muda wa siku moja tu. Miongoni mwao walikuwamo waliokimbia na waliokimbiwa, na wauaji walijificha katikati ya akina mama na watoto. Walikwenda Benaco, mahali palipopata jina kutokana na kampuni ya Kitaliano iliyojenga barabara. Kwa miezi michache kambi ile ilisemekana kuwa mji wa pili kwa ukubwa nchini, baada ya Dar es Salaam. Desemba 1996 Wanyarwanda waliamriwa kurudi kwao, wakapita tena daraja lile lile.

Niliposimulia hayo barazani, mzee wa Biharamulo alinyamaza kwa muda. Kisha akasema: "Mwanangu, mimi nilikuwa utingo wa lori la mahindi. Benaco naijua. Nimetaka tu kusikia kama hapa kuna anayeikumbuka."

Kesho yake tulipanda gari pamoja, na kijana wa mapokezi, ambaye hakuwa na zamu, akaomba kufuatana nasi. Benaco mzee alishuka, akatazama vilima vilivyovuliwa miti wakati ule kwa kuni za kambi. Alikuwa akitafuta mahali lori lao lilipokuwa likishusha. Pamejengwa maduka.

Rusumo tuliliona daraja jipya lililoanza kutumika mwaka 2014, na mitambo ya umeme wa megawati 80 ambao Tanzania, Rwanda na Burundi zinagawana sawa kwa sawa. Kijana alipiga picha za mitambo. Mzee aliegemea ukingo akitazama maji, asiseme neno, mpaka kijana akamwendea na kumwuliza: "Babu, walipita wapi?"

Mzee akamwonyesha kwa fimbo. Akaanza kueleza, foleni ilianzia wapi, mvua ilinyesha vipi, watoto walibebwaje. Alieleza mpaka nilipomkumbusha saa, maana mkewe alikuwa akingoja uji.