Mashindano ya Dunia ya Riadha ya Vijana: Historia Fupi Tangu Athens Hadi Lima

Kwa taadhima na furaha twaandika maneno haya machache juu ya Mashindano ya Dunia ya Riadha ya Vijana wasiotimiza miaka 20, ili wale waliozaliwa baada ya mwanzo wake wapate kujua jinsi yalivyoasisiwa, na wale walioyashuhudia wapate kukumbushana majina ambayo haifai yasahauliwe.

Kabla ya mwaka 1986, kijana wa Eldoret, au wa Lagos, au wa Havana, hata awe amejaaliwa mbio za namna gani, hakuwa na uwanja wa kupimana nguvu na hirimu zake wa dunia nzima. Ilimbidi angoje mpaka akomae, kisha atupwe katikati ya watu wazima waliokwisha kuzoea makelele ya viwanja vikubwa, na aghalabu wengi walikata tamaa kabla ya siku hiyo kufika. Aliyeliona pengo hilo na kuazimia kuliziba ni Primo Nebiolo, Mtaliani wa Turin, aliyeshika urais wa Shirikisho la Kimataifa la Riadha mwaka 1981, na ambaye miaka miwili baadaye aliyaongoza Mashindano ya Dunia ya watu wazima ya kwanza kule Helsinki. Mengi yamesemwa juu ya bwana huyu, juu ya mapenzi yake ya fahari na juu ya namna alivyopenda neno lake lisikilizwe, lakini sisi twamkumbuka kwa hisani aliyowatendea vijana, na hisani hiyo haina mfano.

Basi mwezi wa Julai 1986, katika Uwanja wa Olimpiki wa Athens, mji uleule ulioifufua michezo ya Olimpiki mwaka 1896, vijana wa dunia walikutana kwa mara ya kwanza, na kanuni ilikuwa nyepesi kufahamika: asishiriki atakayetimiza miaka 20 kabla ya mwaka kwisha. Lo, ulikuwa mwanzo mwema kiasi gani! Javier Sotomayor wa Cuba, ghulamu wa miaka 18, aliruka juu mita 2.25 akatwaa dhahabu, na dunia haikujua bado kwamba huyo ndiye atakayefika mita 2.45 mwaka 1993, kimo ambacho hakuna binadamu aliyekipita mpaka leo. Colin Jackson wa Uingereza alimtangulia mwenzake Jon Ridgeon katika mita 110 za kuruka viunzi. Mabinti wawili wa Nigeria, Tina Iheagwam katika mita 100 na Falilat Ogunkoya katika mita 200, walizifanya mbio fupi za wanawake kuwa mali ya Afrika, jambo ambalo wengi huko Ulaya hawakulitazamia. Na Kenya, tangu siku zile za kwanza, haikuwa mgeni wa kukaa ukingoni: Selina Chirchir alishinda mita 800, na Wilfred Kirochi akashinda mita 1,500.

Juu ya Kirochi inafaa tutulie kidogo, kwa kuwa habari yake ndiyo tunayopenda kuwasimulia vijana kila tunapokutana nao. Mwaka 1988 mashindano yalipokwenda Sudbury, mji wa machimbo ya nikeli kaskazini mwa Ontario nchini Kanada, alirudi akailinda dhahabu yake ya mita 1,500, na aliyemfuata nyuma alikuwa kijana wa Aljeria aitwaye Noureddine Morceli. Miaka mitatu ikapita, na katika Mashindano ya Dunia ya watu wazima ya Tokyo mwaka 1991 wakakutana tena katika masafa yaleyale, safari hii Morceli akiwa wa kwanza na Kirochi wa pili. Wapo wanaoihesabu habari hii kuwa ya huzuni, lakini kwetu ni dalili ya manufaa ya mashindano haya, maana walijuana wakiwa wadogo, na kila mmoja akamnoa mwenzake.

Wala haifai kuwasahau waasisi ambao majina yao hayamo katika daftari za shirikisho, nao ni walimu wa shule. Ndugu Colm O'Connell, mtawa wa Ireland, aliwasili Iten mwaka 1976 kusomesha jiografia katika shule ya St. Patrick's, naye hakuwa na elimu yoyote ya ukufunzi wa riadha. Akajifunza kwa kuwatazama wanafunzi wake wakikimbia, na matunda ya subira yake yameonekana katika mashindano haya mara nyingi kupita tuwezavyo kuzitaja.

Mwaka 1990 zamu ilikuwa ya Plovdiv nchini Bulgaria, ambako Ujerumani ya Mashariki ilishiriki kwa mara ya mwisho kabla ya kuungana na ndugu zake wa Magharibi. Mataifa ya upande ule yalikuwa na vijana wenye nguvu za kustaajabisha, na yaliyokuja kujulikana baadaye juu ya malezi ya baadhi yao, yaani dawa za kuongeza nguvu, yamekwisha kuhukumiwa na wenye dhamana ya kuhukumu. Vivyo hivyo tuhuma za kudanganya umri kwa vyeti vya kuzaliwa, zilizovuma mara kwa mara juu ya timu hii na ile, pamoja na zetu, zimepatiwa taratibu.

Kisha ikaja Seoul, mwaka 1992. Ato Boldon wa Trinidad alichukua mita 100 na 200 pamoja, naye Haile Gebrselassie, mtoto wa mkulima wa Arsi huko Ethiopia, akachukua mita 5,000 na 10,000. Katika mbio hizo ndefu zaidi, kijana mmoja wa Kenya alishikwa na hamaki katika hatua za mwisho, akampiga Haile ngumi ya kisogo, akaondolewa katika matokeo. Ulikuwa utoto, na utoto husamehewa. Tupendalo kulikumbuka ni kwamba katika mita 5,000 Ismael Kirui alikuwa wa pili nyuma ya Haile, na mwaka uliofuata, kule Stuttgart, mbele ya watu wazima, Kirui akiwa na umri wa miaka 18 tu, alimtangulia Haile katika masafa hayohayo akawa bingwa wa dunia.

Miaka iliyofuata twaipitia kwa haraka. Lisbon, 1994: Daniel Komen alishinda mita 5,000 na 10,000, na miaka miwili baadaye akaweka rekodi ya dunia ya mita 3,000 iliyodumu karibu miaka 28. Sydney, 1996. Annecy, 1998. Santiago, 2000: Dorcus Inzikuru wa Uganda, dhahabu ya mita 5,000, Yelena Isinbayeva, dhahabu ya kuruka kwa upondo. Kingston, 2002: Janeth Jepkosgei, mita 800; na Usain Bolt, aliyezaliwa mwezi mmoja baada ya Athens, akiwa na miaka 15, akitetemeka mbele ya watu wa nyumbani hata akavaa viatu kinyume, alishinda mita 200. Grosseto, 2004: Boniface Kiprop wa Uganda. Beijing, 2006: David Rudisha, mwanafunzi wa Ndugu Colm. Bydgoszcz, 2008. Moncton, 2010. Barcelona, 2012: Faith Kipyegon, mita 1,500. Eugene, 2014: Joshua Cheptegei wa Uganda. Bydgoszcz tena, 2016, baada ya Kazan ya Urusi kupokonywa uenyeji: Neeraj Chopra wa India alirusha mkuki mita 86.48. Tampere, 2018: Armand Duplantis, mita 5.82 kwa upondo.

Nairobi, Agosti 2021. Maradhi ya korona yaliyaahirisha kwa mwaka mzima, mataifa kadhaa makubwa hayakuleta timu, na viti vya Uwanja wa Kasarani vilikuwa karibu vitupu. Lakini yalifanyika, kwa mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika, na Kenya ikaongoza kwa dhahabu 8. Heristone Wanyonyi alishinda mwendo wa kutembea wa mita 10,000, na Emmanuel Wanyonyi, aliyeshinda mita 800, akawa bingwa wa Olimpiki huko Paris mwaka 2024. Cali, 2022: Letsile Tebogo wa Botswana, mita 100 kwa sekunde 9.91. Lima, 2024: Sarah Moraa, mita 800, na katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, mbio alizoshinda Amos Serem kule Nairobi, dhahabu ilikwenda kwa mdogo wake, Edmund.