Dinari ya Roma: utaitambuaje?

Wasomaji wa Injili wanaijua dinari. Ndiyo ujira wa kutwa wa vibarua wa shamba la mizabibu, na ndiyo sarafu aliyoletewa Yesu alipoulizwa kuhusu kodi ya Kaisari. Ilikuwa sarafu ya fedha ya himaya ya Roma. Hadi leo dinari hufukuliwa ardhini huko Ulaya na kuuzwa, na za bandia huuzwa pamoja nazo. Je, mtu huitambuaje ya kweli?

Kwanza, tazama kichwa. Kwenye dinari, Kaisari kwa kawaida amevaa shada la majani, au yuko kichwa wazi. Akiwa na taji lenye miali kama ya jua, hiyo si dinari. Ni sarafu nyingine, kubwa zaidi, iliyoanzishwa na Kaisari Caracalla mwaka 215 baada ya Kristo.

Pili, soma herufi za ukingoni. Ndani ya neno, V husomwa U. IMP ni amiri jeshi, AVG ni Augusto, yaani cheo cha mtawala, na PP ni baba wa taifa. COS ni konsuli, na namba inayofuata ni mara ngapi ameshika cheo hicho. Mfano ni dinari ya Trajan yenye COS V. Trajan alikuwa konsuli mara ya tano mwaka 103 na mara ya sita mwaka 112. Kwa hiyo sarafu hiyo ilitengenezwa kati ya mwaka 103 na 111.

Tatu, pima uzito. Dinari ya Augustus ilikuwa na gramu 3.9 hivi. Mwaka 64 Nero aliipunguza hadi karibu gramu 3.4, na fedha iliyomo ikapungua pia.

Watawala waliomfuata waliendelea kuchanganya shaba. Sarafu ya Caracalla ilikuwa na uzito wa dinari moja na nusu, lakini wataalamu wengi wanaamini ilihesabiwa kuwa dinari mbili. Watu wakaficha dinari za zamani na kulipa kwa sarafu mpya. Kufikia mwaka 270 hivi, sarafu hiyo ya miali ilikuwa na fedha chini ya asilimia 5.

Ndiyo maana rangi peke yake hudanganya. Dinari ya Trajan inayoonyesha shaba ndani huenda ni kazi ya matapeli wa enzi hizohizo, waliofunika shaba kwa fedha nyembamba. Lakini sarafu ya miali ya mwaka 270 yenye rangi ya shaba inaweza kuwa halali kabisa. Jua kwanza ni ya lini, kisha ndipo uamue kuhusu rangi.

Bandia za siku hizi nyingi humiminwa kwenye kalibu, ilhali Warumi waligonga sarafu kwa nyundo, moja moja. Ukiona mshono ukingoni, au vitundu vidogo kama vya uji unaochemka, kuwa na shaka.

Na usiisugue sarafu ya kale kwa mchanga wala kwa tindikali. Ukifuta herufi, umefuta jina lake na umri wake.