Tairi la Gari la Mzigo: Tarikhi ya Mpira, Nyuzi na Upepo

Katika majimbo ya Marekani kama Texas na Oklahoma, ambako mwenye farasi, mwenye ng'ombe na mwenye trekta hawezi kuendesha maisha yake bila ya pikapu kubwa yenye nguvu ya kukokota tela, hufika siku ambayo matairi ya gari yamekwisha, na mwenyewe hana budi kwenda dukani kuchagua mengine. Na huko hukuta safu za matairi meusi yanayofanana kwa sura, kila moja likiwa na herufi na tarakimu zilizochorwa ubavuni, ambazo asiyejua huzidhani kuwa alama za kiwanda tu. Aghalabu mnunuzi huzipita, akatazama ukali wa meno ya tairi, kisha akauliza bei. Mimi naziheshimu sana herufi zile, kwa kuwa kila moja ina tarikhi yake, na katika tarikhi hiyo mna ustadi wa watu wengi, na mna dhulma pia, na mna damu.

Mwanzo wake ni utomvu wa mti. Kabla ya mwaka 1839 mpira ulikuwa kitu cha ajabu kisichokuwa na manufaa makubwa, maana wakati wa joto uliyeyuka na kunata, na wakati wa baridi ulikakamaa na kupasuka, mpaka Charles Goodyear wa Marekani, baada ya miaka ya ufukara na majaribio, alipogundua kuwa mpira ukichanganywa na salfa na kutiwa moto huwa imara katika hali zote mbili. Naye alifariki mwaka 1860 akiwa na madeni mengi, wala hakuwa na sehemu yoyote katika kampuni kubwa iliyokuja kuchukua jina lake mwaka 1898. Mskoti Robert William Thomson alipata hataza ya tairi la upepo mwaka 1845, lakini wakati wake ulikuwa haujafika, na wazo hilo likasahauliwa hata mwaka 1888, pale John Boyd Dunlop, tabibu wa wanyama huko Belfast, alipolianzisha upya kwa ajili ya baiskeli ya mwanawe yenye magurudumu matatu. Ndugu Michelin wa Clermont-Ferrand, Ufaransa, wakalifanya liweze kuvuliwa na kuvishwa kwa wepesi, na mwaka 1895 wakalitia katika motokaa iliyoshindana kutoka Paris hadi Bordeaux na kurudi. Matairi yalipasuka mara nyingi njiani, lakini watu walikwisha kuona kwamba gari laweza kwenda juu ya upepo.

Laiti tarikhi ya mpira ingekuwa ya mafundi peke yao, ingesomeka kwa raha. Lakini haja ya baiskeli na motokaa ilipozidi katika miaka ya 1890, mpira mwingi ulitafutwa katika mimea itambaayo ya porini ya Kongo, ambayo tangu mwaka 1885 ilikuwa milki ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji binafsi. Na huko wanavijiji walipangiwa kiasi cha mpira cha kuleta, wake zao wakazuiliwa kama rehani mpaka mzigo utimie, na waliopungukiwa wakapigwa kwa kiboko, wakauawa, na wengine wakakatwa mikono. Balozi mdogo wa Kiingereza Roger Casement aliyaandika hayo katika taarifa iliyotolewa mwaka 1904, na picha zilizopigwa na mmisionari Alice Seeley Harris ziliwafikishia watu wa Ulaya na Marekani yale ambayo maneno hayakuweza kuwaaminisha. Mwaka 1908 mfalme alilazimika kuiachia nchi ile iwe chini ya serikali ya Ubelgiji. Kila nikisoma sifa za matairi ya zama zile, naona ni wajibu kuwakumbuka watu hao, kwa kuwa tairi la kwanza la dunia ya sasa lilijazwa kwa pumzi zao.

Pwani yetu nayo haikuachwa. Wajerumani walipanda mpira wa aina iitwayo Ceará katika mashamba ya nyuma ya Tanga, kandokando ya Muheza na chini ya milima ya Usambara, na mwaka 1910, bei ya London ilipopanda ikapita shilingi 12 kwa ratili moja, ilidhaniwa kuwa utajiri umekwisha kufika. Kumbe mwaka 1876 Mwingereza Henry Wickham alikuwa amechukua mbegu zipatazo 70,000 za mpira wa Pará kutoka bonde la Amazon, zikaoteshwa katika bustani ya Kew, na miche yake ikapelekwa Ceylon na Malaya. Na miti hiyo ilipokomaa ikatoa utomvu mwingi na mzuri kuliko wa Ceará, hata ilipofika mwaka 1913 bei ikaporomoka, na mashamba mengi ya Tanga yakaachwa yaote majani. Tutayakuta tena baadaye.

Turudi kwa gari la mzigo, ambalo lilichelewa sana kuingia katika neema ya upepo. Mpaka Vita Vikuu vya Kwanza malori yalikwenda kwa matairi ya mpira mtupu, mazito, yaliyolitikisa gari na kuivunja barabara, kwa sababu hapana aliyeamini kwamba upepo waweza kuchukua tani. Mwaka 1917 kampuni ya Goodyear ilianzisha safari za lori lenye matairi ya upepo kutoka Akron, Ohio, mji uliokuwa makao makuu ya mpira wa Marekani, hadi Boston. Safari ya kwanza ilijaa mashaka, matairi yakapasuka moja baada ya jingine, na njia ikachukua majuma. Lakini waliendelea, na kila kilichopasuka kilirudishwa kiwandani kikachunguzwa, hata safari ile ikawa ya siku chache. Hapo ndipo ilipothibitika kanuni ambayo hadi leo ndiyo msingi wa kuchagua tairi la kukokotea: mzigo huchukuliwa na upepo uliofungiwa ndani, na kazi ya mpira na nyuzi ni kuuzuia upepo huo usitoke.

Kwa hiyo hadithi iliyobaki ni hadithi ya nyuzi. Matairi ya kwanza yalishonwa kwa turubai ya pamba, ambayo nyuzi zake zilipishana na kusagana kila gurudumu lilipozunguka, zikapata moto na kukatika. Baadaye nyuzi zikalazwa upande mmoja kila tabaka, zisiguse zenzake, na uhai wa tairi ukarefuka mno. Nguvu ya tairi ikawa yahesabiwa kwa idadi ya tabaka za pamba: tabaka 4 kwa gari jepesi, 6, 8 au 10 kwa gari la mzigo. Ilipokuja rayoni mwishoni mwa miaka ya 1930, na nailoni baada yake, tabaka chache zikaweza kufanya kazi ya tabaka nyingi za pamba, lakini wenye magari walikuwa wamezoea hesabu ya zamani, basi viwanda vikaendelea kuandika tabaka 10 kwa maana ya nguvu ya pamba 10, hata kama ndani mna mbili tu za kitu kingine. Ndiyo asili ya herufi tunazoziona leo: C husimama mahali pa tabaka 6, D mahali pa 8, na E mahali pa 10, na tairi la herufi E la pikapu kubwa kwa kawaida hujazwa hadi ratili 80 kwa inchi ya mraba. Muuzaji akikwambia kuwa tairi lina plai, yaani tabaka, 10, usilipasue kuzitafuta.

Vita Vikuu vya Pili vilionyesha jinsi dunia ilivyokuwa mateka wa kitu hiki. Wajapani walipoitwaa Malaya na Singapore mwanzoni mwa mwaka 1942, Marekani ilikosa takriban tisa ya kumi ya mpira wake. Matairi yakauzwa kwa kibali, na mwendo wa magari nchi nzima ukapunguzwa kuwa maili 35 kwa saa ili matairi yasiishe. Ndipo ulipoundwa kwa haraka mpira wa viwandani utokanao na mafuta. Na katika Tanganyika miti ya Ceará iliyosahauliwa tangu enzi za Wajerumani ikatafutwa tena na kugemwa, wengi wa wagemaji wakiwa wameandikishwa kazi kwa lazima.

Vita vilipokwisha, Michelin ilitoa tairi ambalo nyuzi zake zilikwenda moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo, na juu yake, chini ya meno, mkanda wa nyuzi za chuma. Hataza ilikuwa ya mwaka 1946 na mauzo yakaanza 1949. Tairi hilo lilidumu zaidi, lilishika barabara vizuri zaidi na kupunguza mafuta, lakini viwanda vya Marekani vilisita kulipokea mpaka miaka ya 1970, na vilipoharakisha kulitengeneza vikakuta ugumu wake, kwamba chuma na mpira havipendani kwa urahisi, na vikipata joto huachana. Mwaka 1978 kampuni ya Firestone ilirudisha mamilioni ya matairi ya aina ya 500. Tarehe 9 Agosti 2000 ikatangaza tena kurudisha matairi milioni 6.5, mengi yakiwa katika magari ya Ford Explorer, baada ya nyuso za matairi kubanduka katika mwendo wa kasi na magari kupinduka, na vifo vilivyohesabiwa vikafika takriban 270. Yaliyosemwa juu ya makosa ya kiwanda yalikuwa mengi, lakini upepo ulikuwamo katika kesi hiyo pia: mwenye kutengeneza gari alishauri ratili 26, na mwenye kutengeneza tairi 30. Tairi lenye upepo haba hujikunja zaidi kila linapogusa ardhi, kujikunja huzaa joto, na joto ndilo linalokata mshikamano wa mkanda.

Kutokana na msiba huo ilipitishwa sheria mwaka huohuo, na kwa sheria hiyo magari mapya ya Marekani yakalazimishwa kuwa na kengele ya upungufu wa upepo. Jambo linalonisikitisha ni kuwa amri hiyo haiyahusu magari yanayozidi kilo 4,536 kwa uzito ulioruhusiwa, wala yenye magurudumu mawili mawili nyuma. Yaani pikapu zilezile zinazokokota mizigo mikubwa kuliko zote ndizo zilizoachwa nje yake, hata kama baadhi ya viwanda huzitia kwa hiari.

Mwenye kununua matairi ya gari la namna hiyo basi na aanze na hesabu ya uzito. Tela la kawaida huweka juu ya ndoano ya gari kiasi cha asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake, na tela linalofungwa katikati ya bodi huweka asilimia 15 hadi 25. Na kwa tela la ndoano, mzigo ukiwa nyuma ya ekseli, ekseli ya nyuma huchukua huo na zaidi, kwa kuwa sehemu ya mbele ya gari huinuliwa. Tairi la kipimo LT245/75R16 la herufi E huchukua ratili 3,042 likiwa peke yake na upepo wa ratili 80 kwa inchi ya mraba, lakini likifungwa mawili mawili huchukua 2,778 kila moja, maana yale mawili hayagawani mzigo sawasawa wakati wote. Tairi la gari la abiria, hata likiingia katika rimu hiyo, hupunguziwa uwezo kwa kugawanywa na 1.10 linapovishwa pikapu. Wala upana na meno makali hayarudishi kilichopunguzwa. Atakayevisha tairi dhaifu kuliko lililoandikwa katika kibandiko cha mlango wa dereva ameyatupa mafunzo yote ya Akron.

Na usiondoke dukani kabla ya kuutazama umri. Mwishoni mwa maandishi yanayoanza kwa herufi DOT mna tarakimu 4: mbili za juma na mbili za mwaka, hivyo 2319 ni tairi la juma la 23 la mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa ghalani, na meno mapya hayaonyeshi uzee huo. Mwombe muuzaji akugeuzie kila tairi uzisome tarakimu hizo kwa macho yako kabla hujalipa, na kama mojawapo ni la zamani, likatae.