UA LISILONGOJA: HABARI ZA ATICHOKI NA WAKULIMA WA BRETAGNE



Wengi wenu mfikapo ofisini kwetu huuliza juu ya mimea mitatu yenye majani marefu ya rangi ya majivu, iliyo nyuma ya ghala la mbolea. Wako waliodhani ni magugu yaliyoachwa kwa uvivu wa katibu. La, ni atichoki. Na kwa kuwa Halmashauri imetuagiza kuandika habari moja ya historia katika kijitabu hiki cha miaka kumi, tumeona vema kueleza habari za mmea huo na za watu walioingia katika ushirika kwa ajili yake.

Asili yake ni nchi zilizo kando ya Bahari ya Kati, ambako watu waliutoa katika mmea wa mwituni wenye miiba mikali. Waarabu wa Hispania waliuita al-kharshufa. Wahispania wakasema alcachofa, Wataliani carciofo, na Wafaransa artichaut. Sisi, ambao lugha yetu imepokea maneno mengi ya Kiarabu, hatushangai neno kusafiri hivyo. Kinacholiwa ni ua kabla halijafunuka. Kichwa huchemshwa, magamba huchomolewa moja moja, na nyama kidogo iliyo katika shina la gamba huliwa. Kisha huondolewa manyoya ya katikati, na chini yake hupatikana moyo, ambao ndio utamu wenyewe. Mzee mmoja wa Halmashauri alipoonjeshwa alisema kuwa kazi ni nyingi kuliko chakula.

Lakini ua hili halingoji. Likiachwa siku chache tu baada ya kukomaa, magamba hufunuka na kuwa magumu, nyuzi za zambarau hutokeza juu, na mnunuzi hupita asigeuze shingo.

Basi katika upande wa magharibi wa Ufaransa, katika Bretagne, uko mji wa Saint-Pol-de-Léon. Hewa ya bahari huzuia baridi kali, na wakulima wa huko, wenye mashamba madogo, walizoea kutia ardhini mwani wa pwani kuwa mbolea. Hawategemei mbegu, maana mbegu huzaa watoto wasiofanana na mama, na wengine huirudia miiba ya babu zao. Huchukua machipukizi yaliyoota shinani, huyakata pamoja na kipande cha shina chenye mizizi, hupunguza majani, kisha huyapanda kwa nafasi ya karibu mita moja. Ndivyo nasi tulivyofanya nyuma ya ghala. Kila shina huachiwa machipukizi mawili au matatu tu. Bua lililokwisha kuzaa hukatwa chini. Maji hutiwa mara kwa mara pasipo kutuama, maana mizizi huoza. Na vidukari huoshwa mapema kabla hawajaingia ndani ya magamba. Baada ya miaka mitatu au minne shina huchoka, na machipukizi yake hurithi shamba.

Kazi hiyo waliijua vizuri. Shida yao ilikuwa sokoni. Mwaka wa neema, vichwa hukomaa kwa wingi wakati mmoja, na mkulima aliyekwisha kuvuna hakuwa na nguvu ya kumkatalia mfanyabiashara. Hali hiyo hatuhitaji kuelezwa. Katika mwaka wetu wa kwanza tulisimama na lori la kabeji mbele ya mnunuzi mmoja tangu alfajiri hata adhuhuri, naye akashusha bei mara tatu, huku akitazama majani yakinyauka.

Mwaka 1961 wakulima wa Saint-Pol-de-Léon waliunda chama chao, kiitwacho SICA, na kiongozi wao alikuwa kijana Alexis Gourvennec, ambaye hakuwa ametimiza miaka 26. Mwezi wa Juni mwaka huo bei zilianguka, na vichwa vya atichoki vikamwagwa barabarani. Alfajiri ya tarehe 8 wakulima waliingia mjini Morlaix na matrekta yao, wakaikalia ofisi ya serikali. Gourvennec na mwenziwe Marcel Léon walikamatwa. Tarehe 22 mahakama ikawaachilia.

Matrekta hayo ndiyo yanayokumbukwa na wengi. Sisi twaona jambo kubwa zaidi lilikuwa mnada. Waliiga desturi ya Waholanzi: saa kubwa ukutani, bei huanza juu na kushuka mbele ya macho ya wote, na mnunuzi abonyezaye kwanza ndiye apataye mzigo. Bei ikishuka chini ya kiasi kilichowekwa na chama, mzigo huondolewa sokoni, hauuzwi. Jambo hili la mwisho ni chungu, maana yampasa mtu aone jasho lake likitupwa ili bei ya jirani isimame. Si wote waliokubali. Wako wakulima na wafanyabiashara waliobaki nje, na ugomvi ukawa mkali hata kati ya majirani. Twalisema hili waziwazi, kwa kuwa hata miongoni mwetu wako wauzao usiku kwa mlango wa nyuma, na majina yao twayajua.

Baadaye walitaka njia ya kwenda Uingereza. Kwa kuwa kampuni za meli hazikuitaka safari hiyo, walianzisha kampuni yao wenyewe. Tarehe 2 Januari 1973 meli yao Kerisnel, iliyopewa jina la kitongoji kilicho karibu na Saint-Pol, iling'oa nanga Roscoff kwenda Plymouth. Kutoka kampuni hiyo ya wakulima ilitokea Brittany Ferries, ichukuayo abiria na magari hata leo. Gourvennec alifariki mwaka 2007.

Mimea yetu mitatu imetoa machipukizi kumi na moja. Mwanachama apendaye kujaribu karibu na jiko lake, penye baridi na samadi ya kutosha, na aje ofisini Jumamosi asubuhi pamoja na jembe na gunia bichi. Yatagawiwa bure, moja kwa kila nyumba, hata yatakapokwisha.