Jembe la Amri na Jembe la Hiari

Msomaji kijana, bila shaka umewahi kushika jembe shuleni. Je, ulilishika kwa kuwa ulitaka kujifunza, au kwa kuwa ulichelewa kufika asubuhi? Katika shule niliyosoma mimi, jembe lilikuwa la wachelewaji. Tulilima shamba zima bila kujua mavuno yalikwenda wapi. Nilipokuwa mwalimu ndipo nilipotambua kwamba jambo hili lina historia ndefu katika mwambao wa ziwa ambalo Wajaluo huliita Nam Lolwe.

Reli iliyotoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901. Miaka mitano baadaye, mwaka 1906, wamisionari wa Kianglikana walianzisha shule huko Maseno, karibu na mstari wa Ikweta. Vijana waliokwenda huko walitaka kusoma na kuandika, kwa maana waliona jinsi karatasi ilivyotawala mambo yote chini ya serikali ya kikoloni. Lakini walipewa kazi nyingi za mikono. Mwaka 1908 wakagoma, wakadai wafundishwe kitabu zaidi. Mgomo huo hutajwa miongoni mwa migomo ya kwanza ya wanafunzi katika Kenya.

Je, walikuwa wavivu? Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Lakini vijana wale walikuwa watoto wa wakulima, na kilimo cha ushirika walikijua tangu utoto. Kwao kulikuwa na desturi iitwayo saga: mwenye shamba huwaita jirani zake, nao humlimia kwa pamoja, naye huwaandalia chakula. Siku nyingine yeye naye huitika mwito wao. Katika saga kila mtu alijua anamlimia nani, na kwa nini. Jambo hilo ndilo lililokosekana katika jembe la amri.

Mwaka 1921 wasomi wa Nyanza, wengi wao wakiwa wametoka Maseno, waliunda chama cha kupinga kodi nzito na kipande, na kutetea ardhi yao. Mwaka 1923 chama hicho kikawekwa chini ya uongozi wa Archdeacon Walter Edwin Owen. Wanachama wakaahidi kupanda miti, kuchimba vyoo na kuua panya. Kazi hizo zilikuwa na faida kwa afya ya watu. Hata hivyo, wako wanaoona kwamba panya waliuawa huku madai ya ardhi yakipoa. Basi tujifunze hapa kwamba kazi ya kuwatumikia watu haipasi kuwa kifuniko cha kuwanyamazisha.

Tuangalie sasa nchi ya mbali. Mwaka 1902, katika jimbo la Ohio huko Marekani, Albert Belmont Graham, msimamizi wa shule, aliwakusanya wavulana na wasichana nje ya saa za darasa, wakapima udongo na kujaribu mbegu za mahindi. Kutokana na vyama vya namna hiyo kilitokea chama cha 4-H, ambacho herufi zake nne ni za kichwa, moyo, mikono na afya.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Kenya ilichukua mfano huo ikaupa jina lake yenyewe: 4-K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Ziangalie K hizo kwa mpangilio wake. Kwanza watoto huungana. Kisha hufanya kazi. Halafu kazi yao huisaidia nchi. Chama kilikuwa na viongozi wake na bustani yake, na wataalamu wa kilimo walisaidia kutoa mafunzo. Mtoto aliyejifunza nafasi ya kupandia aliweza kuyapeleka maarifa hayo nyumbani. Baadaye vyama hivyo vilififia, hata mwaka 2021 serikali ikavizindua upya.

Jembe ni lile lile lililokataliwa Maseno. Anayelima akishirikishwa katika shauri, katika maarifa na katika mavuno, huwa si adhabu tena.

Kwa hiyo, ukitaka kujaribu, anza na rafiki wachache na tuta moja. Pandeni mnavu, kunde au mgagani, mboga ambazo mama zetu wa Nyanza wamezijua tangu zamani. Chagueni mwenyekiti na mweka hazina, na kila senti iandikwe daftarini. Fungu moja la mavuno mpelekeeni mzee wa jirani asiyeweza kulima. Na siku moja utakapokuwa mwalimu, mwanafunzi wako akichelewa, tafuta adhabu nyingine. Jembe liache liwe somo.