Gemu za Japani Zilivyofika Ufipa

Gemu ya video haifanyi kazi peke yake. Inataka umeme, kioo cha televisheni, barabara ya kuifikisha na soko la kuiuzia. Katika uwanda wa juu wa Ufipa, kati ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa, mambo hayo yalipatikana kwa kuchelewa na kwa kupishana. Ndiyo maana gemu zilizotoka Japani kwa mfuatano wa miaka zilifika mjini Sumbawanga nyingi kwa pamoja, za zamani na mpya zikiwa mkononi mwa kizazi kimoja.

Huko Japani biashara ilianzia kwenye kumbi. Mwaka 1978 kampuni ya Taito ilitoa Space Invaders, kazi ya Tomohiro Nishikado, na mashine zake zikaenea katika migahawa na kumbi za michezo. Mtu alitumbukiza sarafu ya yeni 100 akacheza hadi afe. Miaka mitano baadaye, tarehe 15 Julai 1983, Nintendo ya Kyoto, iliyoanza mwaka 1889 kwa kutengeneza karata, ilitoa mashine ya nyumbani iliyoitwa Family Computer, kwa kifupi Famicom. Hapo mchezo ulitoka ukumbini ukaingia sebuleni.

Mwaka huo Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hata kimoja. Zanzibar ilikuwa na chake tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Bara televisheni ilihesabiwa kuwa anasa, na redio ndiyo iliyobeba kazi yote ya kuwafikia wananchi. Isitoshe, nchi ilikuwa imetoka katika vita vya Kagera na madukani hata sabuni ilikuwa ya kutafutwa. Mlango ulianza kufunguka mwaka 1984, wafanyabiashara waliporuhusiwa kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni, na ukafunguka zaidi wakati wa Rais Ali Hassan Mwinyi. Deki za video na televisheni zikaanza kuingia. Vituo vya kwanza vya binafsi, ITV kikiwa kimojawapo, vilianza kurusha matangazo mwaka 1994, mwaka uleule ambao Sony ilitoa PlayStation ya kwanza mjini Tokyo.

Kuagiza mashine moja kwa moja kutoka Japani hakukuwa na faida kubwa, na sababu zake zinafaa kuelezwa kwa kirefu, maana ndizo zilizoamua ni gemu gani zingefika na kwa njia ipi. Umeme wa nyumbani Japani ni wa volti 100. Wa Tanzania ni wa volti 230. Adapta ya Famicom ikichomekwa ukutani bila transfoma huungua. Picha nayo ilikuwa tatizo: Japani ilitumia mfumo wa NTSC, Tanzania ilitumia PAL, na televisheni isiyomudu mifumo yote miwili ilionyesha picha isiyo na rangi au inayoyumba. Tena Famicom ilituma picha kupitia chaneli ya 1 au ya 2 ya Japani, yaani masafa ambayo kwa Afrika Mashariki ni ya redio za FM, hivyo televisheni ya huku haikuweza hata kuitafuta. Viwanda vya Taiwan na China ndivyo vilivyoondoa vikwazo hivyo kwa kutengeneza nakala za bei nafuu za Famicom, zenye umeme na chaneli za kufaa nchi nyingine, zikiuzwa na kaseti moja iliyosheheni michezo kadhaa. Kwa watoto wengi wa Kiafrika, Super Mario alikuja kwa njia hiyo, ndani ya boksi lisilo na jina la Nintendo.

Kwa Ufipa palikuwa na kikwazo kingine. Mkoa wa Rukwa, ambamo uwanda huo umo na uliozaliwa katikati ya miaka ya 1970, haukuwa umeunganishwa na gridi ya taifa. Sumbawanga ilitegemea jenereta za dizeli, kisha umeme ulionunuliwa Zambia na kuletwa kwa waya kutoka Mbala. Vijiji vingi havikuwa na umeme kabisa. Huko gemu iliyowezekana ni ile ya betri ndogo: vile vigemu vya mkononi vya Kichina vya kupanga matofali, vilivyoigwa kutoka Tetris, mchezo uliobuniwa na Alexey Pajitnov mjini Moscow mwaka 1984. Baadaye ilikuja nyoka ya kwenye simu za Nokia. Vitu hivi hutajwa kwa nadra katika historia za gemu, na si haki, kwa kuwa ndivyo vilivyomfikia mtu wa kijijini.

Mashine iliyotawala mjini ilikuwa PlayStation, hasa PlayStation 2 ya mwaka 2000, iliyokuja kuuzwa zaidi ya milioni 150 duniani. Ilitumia diski, na diski ilinakiliwa kwa urahisi. Fundi alipachika chipu ndani ya mashine ili ikubali nakala. Mzigo ulipitia Dubai na Kariakoo, ukapanda basi hadi Mbeya na Tunduma, kisha ukaingia barabara ya vumbi kuelekea Sumbawanga. Kipande hicho cha kilomita zaidi ya 200 kilijengwa kwa lami kwa fedha za Marekani, chini ya mkataba wa Shirika la Changamoto za Milenia uliotiwa saini mwaka 2008.

Familia chache zilimudu mashine, na hapo ndipo ilipogeuzwa matumizi. Kitu kilichobuniwa kukaa sebuleni kilipelekwa kibandani. Mwenye kibanda aliweka televisheni mbili tatu za chogo, mabenchi na pedi, akatoza kwa mechi au kwa dakika. Mara nyingi aliyefungwa ndiye aliyelipa au kumpisha mwingine. Hivyo Tanzania ilifanya kinyume cha Japani: huko gemu zilihama kutoka ukumbini kwenda nyumbani, huku mashine ya nyumbani ilizaa ukumbi. Huu ni ubunifu wa kweli wa kibiashara, na unastahili heshima kuliko lawama za utoro shuleni zilizouandama. Watazamaji walikuwa wengi kuliko wachezaji, wakishauri na kubishana kama wafanyavyo wazungukao bao au drafti.

Mpira ulishinda michezo yote. Winning Eleven ya Konami ilipendwa sana, na baadhi ya nakala zake zilikuwa za toleo la Kijapani, zenye maandishi ya Kijapani na sauti ya mtangazaji Jon Kabira. Mchezaji alikariri mahali pa kubonyeza bila kusoma hata herufi moja. Tekken 3 ya Namco nayo ilikuwa na wafuasi wake.

Sony ilisimamisha utengenezaji wa PlayStation 2 mwanzoni mwa mwaka 2013. Wakati huo Tanzania ilikuwa imeanza kuzima matangazo ya analojia; televisheni ya chogo isiyo na king'amuzi ikabaki bila vituo, lakini kwa waya wake wa njano, mwekundu na mweupe iliendelea kupokea gemu. Lenzi za kusoma diski zilipochoka, mafundi waliazima vipuri kutoka mashine zilizokufa, au wakaacha diski kabisa na kupakia michezo kwenye flashi. Katika maduka ya Akihabara jijini Tokyo mashine hiyohiyo iliingia kwenye rafu za wakusanyaji wa vitu vya zamani. Vibandani iliendelea kuingiza pesa za kila siku, huku umeme wa vijijini ukifungua njia ya kuipeleka kwenye miji midogo kama Laela na Matai.